Mafunzo Niliyopata Vuga na Katika Mapango ya Usambara

Mtoto wa kaka yangu anasoma Uturuki. Mwaka juzi alitembelea Cappadocia, na usiku ule ule akanitumia picha: miamba iliyosimama kama vichuguu, na ndani ya miamba madirisha, milango, ngazi, makanisa, mabanda ya wanyama. Akaniandikia kuwa upo na mji mwingine huko uliochimbwa chini ya ardhi, Derinkuyu, unaoshuka kiasi cha mita 85, na kwamba watu walijificha humo pamoja na mifugo yao adui alipokuja. Mwisho akauliza: "Shangazi, mji wetu wa kale sisi Wasambaa uko wapi? Na kuna cha kuona?"

Swali la kwanza nililijibu papo hapo: uko Vuga. La pili lilinikalia kooni. Nimezaliwa Soni, nimefundisha shule za msingi miaka 27, nimeimba kanisani kwa vitabu vilivyopigwa chapa Vuga, na sikuwahi hata siku moja kwenda Vuga kuutazama mji. Kwangu Vuga ilikuwa misheni, ndugu, na mazishi. Kijana alipokuja likizo mwezi wa Desemba tukafunga safari ya siku nne. Vuga tulikwenda mara mbili, Magamba siku moja, na siku ya mwisho tukashuka hadi mapango ya Amboni, Tanga. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

1. Ukienda peke yako utaona migomba

Siku ya kwanza tulipanda bodaboda Soni, mimi na kijana, tukiwa na maji, peasi za kununua njiani na simu iliyojaa chaji. Tulifika Vuga jua likiwa bado dogo. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni, na huko chini kabisa nyika ilianza kuonekana, ya rangi ya majivu. Tukazunguka. Tuliona migomba, mahindi, kahawa iliyozeeka, nyumba za bati, mbuzi waliofungwa kamba. Kijana akazungusha simu yake pande zote nne, kisha akaishusha. Hakusema neno, lakini nilimwelewa. Alikuwa ametoka kwenye miamba iliyochongwa vyumba, na mimi nilikuwa namwonyesha shamba la mtu.

Kijana mmoja wa bodaboda alituhurumia akatuambia kuwa mji wenyewe ulizama, na kwamba lipo shimo linalotokea Mombo. Nilimshukuru. Tulirudi Soni saa nane mchana, mikono mitupu.

Siku ya pili nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilikwenda kwa mdogo wake marehemu babu yangu, mzee aliyezidi miaka themanini, nikamwamkia, nikampa sukari na majani ya chai, nikaketi. Nilimaliza habari za nyumbani zote kabla ya kutaja shida yangu. Akacheka kidogo. "Mlikuja jana," akasema. "Nimeambiwa. Mlipita bila hodi."

Tulitembea naye taratibu, fimbo mbele. Hatua chache tu kutoka pale tulipokuwa tumesimama jana yake, alinigusa mguu kwa fimbo. "Sogea, mjukuu wangu. Umesimama mlangoni kwa mtu." Nilitazama chini. Palikuwa na nyasi, na katikati ya nyasi udongo ulikuwa sawa kuliko mahali pengine, duara pana kama sakafu, na upande mmoja ardhi ilikuwa imekatwa kuingia mlimani ili kupata hiyo sakafu. Alituonyesha ya pili, ya tatu, ya nne. Baada ya ile ya tano, kijana alianza kuziona mwenyewe kabla hajaonyeshwa, akawa anaita kutoka mbele: "Babu, na hii?" Mzee akawa anajibu, "Hiyo ni ya juzi juzi, walikausha kahawa," au, "Naam, hiyo." Asubuhi ile nilisimama kwenye sakafu ya nyumba ambayo jana yake nilikuwa nimeikalia nikila peasi.

2. Mji uliojengwa kwa magome ya migomba ulikuwa mji kamili

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo aibu yangu ilipogeuka kuwa fahari.

Vuga ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Wakilindi, waliotawala Usambara. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alipanda milima hii kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai, na mwaka 1852 akarudi tena. Februari 1857 wakaja Richard Burton na John Hanning Speke. Burton aliandika kuwa Vuga una nyumba kama 500 na watu kama 3,000, nyumba za mviringo zilizomkumbusha matuta ya majani makavu ya kwao. Hakuona kuta wala mnara, akaandika kwa dharau kidogo. Lakini watu 3,000 juu ya mlima, wenye baraza, sheria, kodi na mfalme ambaye neno lake lilisikika mpaka pwani kati ya Pangani na Tanga, ni mji. Sijui neno jingine la kuuita.

Nyumba zenyewe zilikuwa za msonge: nguzo na fito zilizopindwa zikakutana juu, zikafungwa kwa kamba, zikaezekwa nyasi na magome makavu ya mgomba. Mzee alichukua gome moja lililokauka, akalipasua kwa kucha mara tatu, akasokota, akampa kijana avute. Kijana alivuta hadi mishipa ya shingo ikasimama. Kamba haikukatika. "Hii ndiyo misumari yetu," mzee akasema.

Nyumba ya namna hiyo haidumu bila mkono wa mtu. Nyasi huoza, mchwa huja, moshi wa jikoni ndio unaoikinga kwa kukausha paa na kufukuza wadudu; siku moto ukizimika ndani yake, nyumba huanza kufa. Kwa hiyo mji wote ulikuwa unajengwa upya kidogo kidogo kila mwaka, na kila kizazi kilipaswa kujua kujenga, kwa sababu hakuna ambaye angeikuta nyumba ya babu yake imesimama. Cappadocia mwamba ulitunza nyumba hata wenyewe walipoondoka. Vuga wenyewe walipoondoka, nyumba ziliondoka nao.

Na waliondoka kwa uchungu. Kimweri alifariki mwaka 1862, na wanawe na wajukuu wakagombana. Mjukuu wake Shekulwavu alikalia kiti Vuga, lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa ameweka makazi yake Mazinde, bondeni, kwenye njia ya misafara ya pembe za ndovu. Huko ndiko bunduki na baruti zilikopita. Mwisho wa miaka ya 1860 Semboja aliuteka Vuga na kumfukuza Shekulwavu. Tangu hapo nguvu ilikuwa chini nyikani kwa mwenye bunduki, na mji wa juu ukabaki na heshima tu. Kisha wakaja Wajerumani, na mwaka 1895 wakamnyonga Mputa, aliyekuwa akitawala Vuga. Mzee alilitaja jina hilo kwa sauti ya chini kana kwamba msiba ulikuwa wa mwezi uliopita.

Kilichonigusa kuliko vita ni maneno mawili ya Kisambaa aliyoyatumia alipoeleza kazi ya mfalme: kuzifya shi na kubana shi. La kwanza ni kuiponya nchi, la pili ni kuiharibu. Mvua ilikuwa mkononi mwa mfalme. Akiwa na nguvu na amani na jamaa zake, mvua inanyesha na watu wanashiba, nchi inapona. Wakuu wawili wakishindana kwa nguvu zilizo sawa, nchi inaharibika, njaa inaingia. Nimefundisha uraia miaka mingi kwa kutumia vitabu vinavyoanza na mambo ya Ulaya, na kumbe bibi zangu walikuwa na namna yao ya kupima serikali: watu wameshiba au wana njaa?

Misheni ya Kilutheri ya Bethel ilifika Vuga mwaka huo huo wa 1895, na baadaye kikaanzishwa kiwanda cha chapa kilichojulikana nchi nzima. Vile vitabu vya nyimbo nilivyoshika utotoni vilikuwa na maneno madogo chini ya ukurasa wa kwanza, Vuga Press, Soni. Miaka yote niliyasoma kama anwani ya posta.

3. Hadithi ya mwanzo wetu nayo ina pango

Tulipumzika kivulini kwa mzee. Mkewe alituletea makande na chai ya tangawizi. Ndipo kijana akauliza lile alilolibeba kutoka Uturuki: je, Wasambaa waliwahi kuishi mapangoni?

Mzee hakujibu ndiyo wala hapana. Alianza kusimulia habari za Mbegha. Wengi wa Tanga wanaijua: Mbegha alizaliwa Nguu, akaota meno ya juu kwanza. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kwa desturi ya wakati ule hakutakiwa kuishi. Wazazi wake walimficha. Alipokua na wazazi kufariki, ndugu walimnyima urithi, wakamwona ni mkosi. Akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akawa mwindaji wa nguruwe pori, akilala porini, akivuka kutoka pori hadi pori mpaka akafika kwenye kingo za milima yetu. Watu wa juu waliona moshi wake. Walishuka wakamkuta na nyama nyingi bila wanga. Wao walikuwa na ndizi na mahindi na mashamba yanayoliwa na nguruwe. Wakabadilishana. Akawaua nguruwe, akawapa nyama, akaamua kesi zao, na mwisho watu wa Vuga wakamfuata alikokuwa, Bumbuli, wakamwomba awe wao.

Njiani kwenda Vuga, alivyosimulia mzee, giza liliwakuta wakajihifadhi pangoni. Usiku simba akaja. Wengine walilala au waliganda kwa hofu. Mbegha aliona macho, akapiga mkuki. Asubuhi watu wa Vuga waliingia mjini na mtu aliyebeba ngozi ya simba, na tangu siku hiyo wafalme wa Usambara waliitwa Simba Mwene.

Mzee alinyamaza, akanywa chai. Kisha akamwambia kijana: "Sasa umeuliza pango. Pango aliingia mgeni, akatoka mfalme. Hakukaa mle."

Habari hizi zipo pia katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyeishi katika nchi hii na kuwafahamu wakubwa wa Kikilindi ana kwa ana. Kilitolewa na chapa ya misheni ya Magila, Muheza, kwa sehemu, kuanzia mwaka 1895. Kimeandikwa kwa Kiswahili kitamu cha karne ile, na kinastahili kuwa katika kila shule ya Lushoto, Bumbuli, Korogwe na Muheza. Shuleni kwangu hakikuwepo.

4. Magamba: pango ni la siku za hofu

Magamba ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia juu ya mji wa Lushoto. Tulilipa kiingilio, tukapewa askari wa misitu wa kutuongoza. Ni msitu wa miti mikubwa, mikulo na mingine, yenye ndevu za kuvu zinazoning'inia, na baridi inayokupiga magotini hata mchana. Juu ya matawi tuliona mbega, kima wale weusi wenye mabega meupe na mkia kama mgwisho. Kijana akaniangalia, nami nikamwangalia. Mbega, Mbegha. Hakuna aliyehitaji kusema.

Humo msituni yamo mapango ambayo wenyeji wanasimulia kuwa Wajerumani waliyatumia kujificha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Lushoto ulikuwa mji wao mpendwa, wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, kwa sababu ya hewa iliyowakumbusha kwao. Juni 1916 majeshi ya Uingereza, yaliyokuwa yakishuka kufuata reli ya Tanga, yaliuchukua.

Niliingia pangoni nimeinama. Kitu cha kwanza kilikuwa harufu: udongo mbichi, popo, na kitu kama sarafu iliyoshikwa sana mkononi. Cha pili kilikuwa sauti yangu mwenyewe ya kupumua. Tone la maji lilianguka mahali nisipopaona, nikahesabu hadi kumi na nne ndipo likaanguka jingine. Nilipapasa ukuta, ulikuwa na baridi ya chuma na utelezi mwembamba. Nilikaa humo kwa dakika zisizofika kumi, na nilipotoka nilitoka haraka kuliko nilivyoingia. Nikawaza wale waliokaa humo, mabwana waliomnyonga Mputa miaka ishirini na moja kabla, sasa nao wamekunja magoti gizani wakihesabu matone. Sikufurahi. Nilidhani ningefurahi kidogo.

5. Walioishi mapangoni kweli hawako mbali

Nisipoligusa jambo hili msomaji atafikiri kuishi mapangoni ni mambo ya Uturuki tu. Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, Waelgony waliishi katika mapango makubwa pamoja na ng'ombe wao, na Joseph Thomson aliyafikia mwaka 1883. Kilimanjaro, Wachaga walichimba mahandaki ya kujificha wakati wa vita na uvamizi, yenye vyumba vya watu na vya mifugo. Marangu bado unaweza kuingia. Mbulu, Wairaki walijenga nyumba zilizozama ardhini, paa likalingana na kilima hata adui apite juu yake bila kujua.

Wasambaa walichagua kupanda. Kwetu kuna neno Shambaai, yaani nchi ya juu panapostawi migomba, na kuna nyika, nchi ya chini yenye joto. Vijiji vingi vya zamani vilikaa karibu na ukingo, mahali unapoweza kulima kote kuwili: juu ndizi na maharage, chini mazao ya jua. Mwaka mvua ikikataa upande mmoja, upande wa pili unakulisha. Na kutoka ukingoni unaona vumbi la anayekuja saa kadhaa kabla hajafika. Nilisimama ukingo wa Irente jioni moja nikiwa na kijana, Mazinde ya Semboja ikiwa chini yetu, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, reli kama uzi. Nikaelewa kwa nini hakuna aliyehitaji kuchimba shimo.

6. Usikubali kila unaloambiwa pangoni, wala usilicheke

Amboni ni kama kilomita 8 kutoka Tanga mjini, njia ya Mombasa. Ni mapango ya mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Yapo kadhaa, na wageni huingizwa katika moja. Nilikuwa nimekwenda nikiwa mtoto wa shule, nikaambiwa kuwa njia moja inatokea Mombasa na nyingine Kilimanjaro, na kwamba mbwa mmoja aliingia akatokea mlimani. Niliamini, na nikaja kuwafundisha wanafunzi hivyo hivyo. Mwaka 1994 wataalamu Wajerumani na Waturuki waliyapima, wakakuta lililo refu kuliko yote halizidi mita 900.

Watu wa mapango ya Uturuki walikuja kutupimia letu! Kijana alifurahi sana kwa hilo.

Lakini ndani kuna sehemu ya mzimu, na hapo nilinyamaza. Palikuwa na chupa za marashi, vitambaa, vifuu vya nazi, sahani ya mchele. Mama mmoja alikuwa ametoka tu, macho mekundu. Mimi ni Mkristo na sina sadaka ya kuweka pale. Hata hivyo mtu anayekwenda na mchele wake gizani kuombea mtoto ana shida ya kweli, na nilimwambia kijana aweke simu mfukoni. Mtembezaji alituonyesha pia sehemu wanayosema alijificha Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, waliowasumbua wakoloni miaka ya 1950. Pango tena, na maficho tena.

7. Omba kabla ya kupiga picha

Vuga kuna makaburi ya watawala. Nilitaka kupiga picha moja ya kuwaonyesha wanafunzi wangu wa zamani. Mzee aliniuliza tu, "Umemwomba nani?" Nikaweka simu. Alizungumza kwa Kisambaa maneno mafupi, akamwagia maji chini kutoka kwenye chupa yetu, akanyamaza muda. Kisha akaniambia naweza kupiga mti ule, mawe yale, lakini upande huu usipige. Sikuuliza sababu. Picha ya mti ninayo, na imetosha.

8. Kinasa sauti ndicho chepeo chetu

Wanaochimba miji ya kale hutumia chepeo na brashi. Vuga, kwa kiasi kikubwa, iko vichwani. Jioni ile ya pili kijana aliweka simu mezani, akamwomba mzee ruhusa, akarekodi saa mbili na dakika kumi. Mzee alitaja milango ya nyumba kwa mpangilio, ya nani ikifuata ya nani, kama mtu anayetembea mtaani kwake usiku. Alisema alijifunza kwa bibi yake, ambaye alimfanya ayarudie kila walipokwenda kuchota maji. Alitaja mti uliokuwa karibu na baraza, na kijito kilichokuwa cha mji. Alitaja kuwa mwenye kurithi kiti alikaa kwanza Bumbuli, na kwamba mfalme alipofariki habari ilifichwa hadi mrithi aletwe usiku, ili mji usilale bila simba hata siku moja. Mara mbili alisahau jina. Mara moja akalikumbuka.

Nilipohesabu baadaye, nilikuta katika ukoo wetu wazee wanaoweza kutembea Vuga namna hiyo, mlango kwa mlango, ni wawili. Mwingine ni mama mzee aliye Bumbuli, na tangu mwaka jana hatoki kitandani.

Kijana amerudi Uturuki. Picha aliyoiweka kwenye simu yake ni ile sakafu ya duara, nyasi zimeikumbatia pande zote, na kwenye ukingo wa picha inaonekana ncha ya fimbo. Ananiambia wenzake wanamuuliza ni ya nini, naye anawaambia ni nyumba.

Ndugu msomaji, kama una mzee Vuga, Bumbuli, Mlalo au kokote Usambara, nenda likizo hii, wala usisubiri ijayo. Beba sukari, beba simu yenye chaji, na uwe na siku nzima ya kusikiliza. Wa kwetu bado anapenda kutembea asubuhi kabla ya jua kali. Sikio lake la kulia limeanza kuziba, kwa hiyo ukimfikia kaa upande wake wa kushoto.